Uganda katika besiboli ya watoto duniani

Mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, yanayoendeshwa na Little League, yalianzishwa mwaka 1947 katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwa miongo mingi hakuna timu ya Kiafrika iliyofika huko.

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walitwaa ubingwa wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, uliochezwa Kutno, Poland. Walinyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri wao zilipishana, na nafasi ikaenda kwa timu ya Saudi Arabia. Lilikuwa pigo zito: katika nchi ambako watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, karatasi ilishinda ushindi wa uwanjani. Januari 2012 timu ya Langley, Kanada, ambayo ingekuwa mpinzani wao wa kwanza, ilisafiri hadi Uganda kucheza nao.

Mwaka huohuo timu ya Lugazi ilifuzu na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki. Ilifungwa na Panama na Mexico, kisha ikaishinda Gresham ya Oregon 3–2 katika mchezo wa nje ya kinyang'anyiro. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuilaza Jamhuri ya Dominika, taifa linalozalisha wachezaji wengi wa kulipwa, 4–1.