Bawasiri: Kutoka Chuma cha Moto Hadi Kipete cha Mpira

Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanamwelekeza tabibu achome bawasiri kwa vyuma vilivyoiva motoni, wasaidizi wakimshika mgonjwa kichwa na mikono asifurukute. Akitaka kupiga kelele aachwe apige, maana kelele husukuma puru nje na kazi hurahisika. Kumpunguzia mgonjwa kilio hicho kumechukua karne nyingi.

Mwaka 1835 Frederick Salmon alifungua jijini London hospitali ndogo ya vitanda 7 kwa maskini wenye maradhi ya njia ya haja kubwa, ambayo baadaye iliitwa St Mark's. Ndiko walikotoka Milligan na Morgan, walioeleza mwaka 1937 upasuaji unaotumika hadi leo: vinyama vinakatwa, vidonda vinaachwa wazi, na kati yake inabakizwa ngozi ili njia isisinyae. Unaponya vizuri, lakini vidonda hufika kwenye ngozi yenye hisia kali, na kwenda haja siku za mwanzo ni mateso.

James Barron wa Detroit alileta nafuu kubwa mwaka 1963. Alivalisha kipete cha mpira kwenye shina la bawasiri ya ndani, juu ya mstari ambapo ngozi huishia, mahali ambapo utando hauhisi maumivu ya kukatwa. Damu ikizuiwa, kinyama hunyauka na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Hakuna nusukaputi wala kulazwa.

Kisha mwaka 1975 W.H.F. Thomson alionyesha kwamba bawasiri ni vifuko laini vya nyama na mishipa ambavyo kila mtu anavyo, ila vimelegea na kushuka. Kama vimeshuka, kwa nini visirudishwe juu? Mwaka 1995 Morinaga wa Japani alitumia chombo cha Dopla, kinachosikiliza mtiririko wa damu, kuitafuta ateri inayolisha bawasiri na kuifunga. Mwaka 1998 Mwitaliano Antonio Longo akatangaza mashine ya duara inayokata pete ya utando na kushona kingo zake kwa pini papo hapo, hivyo kuvivuta vifuko juu. Ilienea upesi duniani.

Majibu kuhusu mashine hiyo yalikuja 2016, katika utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 777. Mashine ilipunguza maumivu ya mwanzo, lakini ndani ya miaka 2 waliokatwa kwa njia ya zamani walikuwa na hali bora, na gharama yao ilikuwa ndogo. Kwa bawasiri kubwa, kisu cha 1937 bado kina heshima yake.

Puru kutoka nje yote ni ugonjwa mwingine, ingawa wengi huuita bawasiri. Hapa upasuaji wa kupitia matundu madogo tumboni umesaidia kweli. Mwaka 2004 D'Hoore na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walieleza namna ya kushona wavu mbele ya puru bila kugusa neva za nyuma, na hivyo kupunguza tatizo la choo kigumu. Wavu huo huwaletea wachache madhara, na kwa mzee dhaifu upasuaji wa kupitia chini, aliouanzisha Mfaransa Delorme mwaka 1900, huweza kufaa zaidi.

Ukiona damu chooni, usijitibu mwenyewe kwa sababu ya aibu. Nenda ukapimwe, kwa sababu saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu kama hiyo.