Kibandika na Kibandua

Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Kwa hiyo waliotupa neno kimeng'enya walilenga vyema mate na tumbo. Lakini tazameni TBK1, kimeng'enya kinachoitahadharisha seli virusi vinapoingia. Hakimeng'enyi chochote. Huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuigandisha juu ya protini nyingine. Jina la ukoo limemkana mwanaukoo wake.

Ulimwenguni kundi hili la vimeng'enya vinavyogandisha fosfeti limepewa jina linalotokana na kitenzi cha Kigiriki cha kusogeza. Tukiliswahilisha tutapata kinasi, na hapo sikio letu halisikii Kigiriki kamwe: linasikia kunasa, linakumbuka kinasa sauti. Anayenasa hushika asiachie. Huyu wetu kazi yake ni kutoa.

Napendekeza kibandika. Tunabandika stempu, plasta, bango. Kwa fosfeti hilo lingetosha. Lakini mpishi naye hubandika chungu, na kuanzia hapo moto unafanya kazi. TBK1 ikiibandika fosfeti kwenye protini ya IRF3, IRF3 huingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni za interferoni, protini za kupambana na virusi. Kubandika kwa gundi na kubandika kwa jiko vimekutana katika tendo moja, na sijui kitenzi kingine chetu kinachobeba yote mawili. Pachika ni neno zuri, ila halina moto.

Tena kitenzi hiki kina mwenzake. Funga, fungua, ziba, zibua, bandika, bandua. Kimeng'enya kinachoiondoa fosfeti na kiitwe kibandua, na mwanafunzi ataijua kazi yake kabla mwalimu hajaieleza. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kugundua kwamba protini huongozwa kwa fosfeti kuwekwa na kuondolewa. Sisi tunasema bandika bandua kwa shughuli isiyopoa, na mwili wa binadamu, wenye vibandika vya aina zaidi ya 500, ni bandika bandua usiku na mchana.

Kinga, ambayo TBK1 huitumikia, haina ubishi kama neno. Imetoka kwenye kukinga, na inatosha. Kinachonikera ni "kinga ya asili". Msomaji aliyezoea dawa za asili atafikiri mizizi na majani. Tuseme kinga ya kuzaliwa nayo: ndefu kidogo, lakini haipotoshi.

Saratani tuliipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa. Wanajimu wetu wanaijua pia kama buruji. Naipenda kuliko kansa, ingawa zote zinamrudia kaa yuleyule. TBK1 inahusika hapa pia: mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya seli za saratani zenye jeni ya KRAS iliyobadilika huitegemea ili zisife. Kibandika cha kinga kinamlisha kaa, na jina tulilokipa halihitaji kubadilika, kwani halikusema kinambandikia nani.

Imebaki dawa. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu, hukizuia kibandika kilichokataa kutulia. "Kizuiabandiko" lingevutia kwa ufupi, lakini bandiko sasa ni la mitandaoni. Nachagua kizuia-kibandika.