Kiatu cha Farasi Mlangoni: Chuma na Hofu ya Uchawi Uingereza

Mwaka 1696 msomi wa Kiingereza John Aubrey aliandika kwamba nyumba nyingi za upande wa magharibi wa London zilikuwa na kiatu cha farasi kizingitini. Tuuzingatie mwaka huo. Isaac Newton alikuwa amekwisha kuchapisha kanuni zake za mwendo miaka 9 kabla, na Aubrey mwenyewe alikuwa mwanachama wa Royal Society. Hata hivyo, katika jiji hilohilo la wanasayansi, wenye nyumba walipigilia chuma mlangoni ili mchawi asivuke.

Kwa nini chuma? Chuma cha kufua hakimiminwi katika kalibu. Hutiwa motoni, kikapondwa kwa nyundo juu ya fuawe. Kazi hiyo ilimpa mhunzi heshima iliyochanganyika na woga. Ngano humtaja Dunstan, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 988, kuwa naye alifua chuma. Inasimuliwa kwamba alimpigilia Shetani kiatu cha farasi kwatoni, asimwachie mpaka alipoapa kutoingia nyumba yenye kiatu hicho. Wazazi nao waliweka mkasi au koleo karibu na kitanda cha mtoto mchanga, ili vibwengo wasimwibe na kuwaachia wa kwao. Kuhusu ncha za kiatu, kama zielekee juu au chini, Waingereza hubishana hadi leo. Katika ngome ya Oakham vimetundikwa viatu zaidi ya 200, zawadi za wakuu waliofika mjini humo kwa mara ya kwanza, na vyote vimeelekezwa chini.

Wasomaji wengi wataishia hapo, kwenye utamu wa ngano. Lakini kago lolote hudai adui, na adui wa kiatu cha farasi mara nyingi alikuwa jirani: mwanamke, maskini, mzee. Chini ya sheria ya mwaka 1604, ya enzi ya Mfalme James wa Kwanza, mtu kama huyo aliweza kunyongwa. Aliyepigilia chuma mlangoni hakuguswa.

Bunge lilifuta sheria hiyo mwaka 1735, na kosa likawa kujidai kuwa na nguvu za kichawi. Karne iliyofuata wasomi wakaanza kukusanya makago ya wakulima wao. Mwaka 1878 wakaunda chama chao mjini London, na vitu vilivyowahi kutisha vikaitwa urithi.

Nusu karne baadaye, mwaka 1928, utawala wa Uingereza ukatunga Sheria ya Uchawi ya Tanganyika. Sheria hiyo, ambayo kwa marekebisho ingali ikitumika Tanzania Bara, hufanya hata kupatikana na kifaa cha uchawi kuwa kosa. Siwatetei wapiga ramli. Damu ya vikongwe iliyomwagika Usukumani kwa sababu ya macho mekundu inajulikana. Ninachohoji ni mizani. Hakimu wa kikoloni aliyemhukumu mtu kwa vitu vilivyokutwa nyumbani mwake angeweza kurudi kwao likizo, akapita chini ya kiatu cha farasi mlangoni pa babake, na hakuna polisi ambaye angebisha hodi kukiulizia.