Chemirocha, Jim Reeves na bibi yangu wa Nyanga

Krismasi nyumbani kwetu Nyanga, pale Bukoba, ilikuwa na sauti mbili: ya Jim Reeves kwenye redio kaseti ya baba, na ya bibi akimfuatisha kutoka jikoni. Bibi hakujua Kiingereza. Alichukua mahadhi tu, maneno akayatunga mwenyewe kwa Kihaya: mara mbuzi wa jirani aliyevamia migomba, mara baba aliyeonja nyama kabla ya wageni kufika. Watu walicheka mpaka machozi. Mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili na Kiingereza changu kipya, nikamsahihisha mbele ya wageni. Akanyamaza. Sikumbuki kumsikia tena akiuimba ule wimbo.

Nimemkumbuka sana mwaka huu kwa sababu ya wimbo wa dakika chache uliorekodiwa ng'ambo ya ziwa mwaka 1950. Unaitwa Chemirocha.

Aliyerekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka na mashine zake akikusanya muziki. Kwa Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, aliwakuta wasichana wakiimba pamoja na Chemutoi Ketienya, kinubi kikiwasindikiza. Jina walilokuwa wakiliita ni la Jimmie Rodgers. Ndiyo, yule mfanyakazi wa reli kutoka Meridian, Mississippi, aliyeingia kurekodi mjini Bristol, Tennessee, Agosti 1927, akaja kuitwa baba wa muziki wa country, na kifua kikuu kikamuua 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake zilivuka bahari, zikapanda hadi vilima vya chai na ng'ombe, na jina likageuka kinywani mwa wenyeji.

Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale wanamwona mwimbaji huyo kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, nao wanamhimiza acheze ngoma yao ya kurukaruka kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Soma tena hapo. Mpaka nguo zimvuke!

Sasa, rekodi za Tracey zimetolewa upya mara nyingi. Mwenyewe alianzisha maktaba ya muziki, ILAM, mwaka 1954, akatoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Baadaye Michael Baird wa SWP Records, Uholanzi, akazitoa nyingi kwenye CD. Safari ileile ya 1950 ilimfikisha Tanganyika pia, na Wahaya wamo. Kwa hiyo sina ugomvi na wanaotoa muziki upya. Bila wao nisingesikia lolote. Ugomvi wangu ni na jinsi Chemirocha inavyosimuliwa. Kila mara naambiwa ni wimbo wa watu walioshangazwa na gramafoni, wakamwabudu mzungu wa ndani ya sanduku. Waandishi wanaupenda kwa sababu ni mzuri, na kweli ni mzuri, ile sauti ya wasichana inakupanda mgongoni. Lakini mbona hakuna anayecheka?

Mimi nasikia utani. Wasichana wa rika moja, wamesimama mbele ya mgeni mwenye mitambo, wanaimba juu ya mwanamume maarufu anayeruka mpaka anabaki uchi. Kijijini kwetu wimbo wa namna hiyo ungemalizika kwa vigelegele na mama mmoja kujifunika uso kwa kitenge. Sijui Kikipsigis, nakiri, na huenda hofu au imani ilikuwamo pia. Ila mtu anaweza kustaajabu na kudhihaki kwa pumzi moja. Bibi alimpenda Jim Reeves kwelikweli. Siku betri zilipoisha alikuwa wa kwanza kutoa hela. Na bado alimvisha mbuzi.

Katikati ya miaka ya 2010 ILAM, pamoja na watu wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis, zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile. Wazee wakapewa muziki wao mkononi. Hilo ndilo toleo jipya ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu hapo anayesikiliza anaweza kusema: hapana, hatukumaanisha hivyo.

Kwetu hakupita mtu na mashine jikoni. Mwezi uliopita nikampigia shangazi, yuko Muleba, nimuulize kama anayakumbuka maneno ya bibi. Akacheka kwanza, muda mrefu, nikasikia hadi kuku nyuma yake. Beti la mbuzi alilikumbuka lote, akaniimbia kwenye simu.

"Na lile la baba?"

"Mwanangu, hayo mengine si mlikuwa mnamsahihisha ninyi mliosoma?"

Nimelirekodi beti la mbuzi. Lina sekunde 19.