Dhambi ya Mtu Mashuhuri na Wajibu wa Kanisa: Mafunzo kutoka Thesalonike, Hesse na Baton Rouge

Utangulizi

Katika sharika zetu nyingi, msichana akipata mimba kabla ya ndoa, wazee wa kanisa hukutana upesi. Hutengwa na Meza ya Bwana kwa muda, na siku ya kurudi kundini husimama mbele ya usharika wote. Lakini yuko mtu mwingine: mwimbaji ambaye nyimbo zake husikika katika kila nyumba, mhubiri ajazaye viwanja, au mwanasiasa asimamaye kwenye harambee ya jengo la kanisa na kulitaja jina la Yesu kwa sauti kuu. Huyo akianguka, wazee hawakutani. Hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama twanyamaza kwa kuwa ni wetu na atufaa, ama twamsema kila mahali isipokuwa mbele yake.

Je, Mkristo ampokeeje mtu mashuhuri, msemaji sana, atendaye mabaya? Swali hili si jipya. Tumeona vema kulichunguza kwa njia ya historia, kwa maana Kanisa limekwisha kulijibu mara nyingi, mara nyingine vizuri na mara nyingine vibaya. Tutaangalia habari tatu. Ya kati ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu yatuhusu sisi Walutheri na baba zetu wa imani.

Thesalonike, mwaka 390

Wasomaji wengi wajua jinsi Askofu Ambrose wa Milan alivyomkemea Kaisari Theodosius. Wachache hukumbuka kwamba habari hiyo ilianza na dhambi ya mwanamichezo. Katika mji wa Thesalonike alikuwako mwendesha magari ya farasi aliyependwa mno na umati. Kadiri mwanahistoria Sozomen anavyosimulia, mtu huyu alimshambulia kwa nia ya aibu mtumishi wa Butheric, jemadari wa majeshi ya mji ule, naye Butheric akamtia gerezani. Siku ya mashindano ikakaribia, na watu wakadai shujaa wao afunguliwe. Jemadari alipokataa, fujo ikatokea naye akauawa.

Tuliangalie kwanza jibu la umati. Hawakuuliza alichotendewa yule mtumishi, wala jina lake halikuandikwa popote. Waliuliza jambo moja tu: ni nani atakayetushindia mbio? Hilo ndilo jibu la kwanza kwa dhambi ya mtu mashuhuri, na ni la kale sana. Twamsamehe upesi atupatiaye furaha, hali aliyeumizwa naye hatumtaji.

Theodosius aliposikia habari za mauaji ya jemadari wake aliwaka hasira, akatoa amri ya kulipiza kisasi. Baadaye alijaribu kuitangua, lakini alikuwa amechelewa. Askari waliwashambulia watu wa mji, na Theodoret, aliyeandika katika karne iliyofuata, ataja watu 7,000 waliouawa.

Basi Ambrose alifanyaje? Picha ya askofu akimzuia Kaisari mlangoni pa kanisa yatokana na masimulizi ya baadaye, na wanahistoria wengi waitilia shaka. Lakini barua ya Ambrose mwenyewe tunayo. Aliiandika kwa mkono wake, ili isomwe na Kaisari peke yake. Hakumtukana, wala hakumtangaza. Alimkumbusha habari za Daudi, akamweleza wazi kwamba hataweza kuadhimisha Sakramenti akiwapo yeye, mpaka atubu. Kaisari akakubali. Akavua mavazi ya kifalme, akalia mbele ya watu kanisani, na kwa desturi ipokelewayo na wengi akarudishwa Mezani wakati wa Krismasi ya mwaka ule ule.

Hata hivyo tusimfanye Ambrose kuwa malaika. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 388, Wakristo wa mji wa Callinicum walichoma sinagogi, na Kaisari akaamuru askofu wa mji huo alijenge upya. Ambrose alimshurutisha Kaisari aifute amri hiyo. Ujasiri ule ule uliowatetea watu wa Thesalonike ulikuwa umewanyima Wayahudi haki yao. Kwa hiyo kumkemea mkubwa si uthibitisho kwamba mkemeaji ni mwenye haki.

Hesse, mwaka 1540

Sasa twaja nyumbani kwetu. Philip, mtawala wa jimbo la Hesse, alizaliwa mwaka 1504. Akiwa kijana alikutana na Luther katika mkutano wa Worms mwaka 1521, na mwaka 1524 alijiunga na Matengenezo ya Kanisa. Hakuwa muumini wa kujificha. Mwaka 1527 alianzisha Chuo Kikuu cha Marburg; mwaka 1529 alikuwa miongoni mwa watawala waliotoa tamko la upinzani kule Speyer, ambalo kwalo tukaitwa Waprotestanti. Mwaka huo huo aliwakutanisha Luther na Zwingli mjini Marburg. Mwaka 1530 alitia sahihi Ungamo la Augsburg. Na mwaka 1531 yeye na Mtawala wa Saxony waliunda Umoja wa Schmalkalden kwa ajili ya kuitetea Injili. Kama wakati ule pangekuwapo mtu wa kuitwa sauti ya Waprotestanti mbele ya wakuu wa dunia, angekuwa yeye.

Lakini nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Alikuwa amemwoa Christine, binti wa mtawala George wa Saxony, naye alizaa naye watoto wengi. Walakini hakumpenda, akaishi katika uzinzi, akapata na ugonjwa wa zinaa. Dhamiri ilimsumbua, hata kwa miaka mingi asithubutu kukaribia Meza ya Bwana ila kwa nadra. Mwaka 1539 alitamani kumwoa Margarethe von der Saale, binti wa miaka kumi na saba hivi. Akamtuma Martin Bucer kwenda Wittenberg kuomba ruhusa ya kuwa na mke wa pili, akidokeza kwamba asiposaidiwa huko ataweza kutafuta msaada kwa Kaisari.

Tarehe 10 Desemba 1539 Luther na Melanchthon walimjibu. Walisema kwamba amri ya Mungu tangu mwanzo ni mume mmoja na mke mmoja, na kwamba jambo hili lisifanywe kuwa sheria kwa wote. Kisha, wakikumbuka mababa wa Agano la Kale na wakiihurumia dhamiri iliyosetwa, wakamruhusu, kwa sharti kwamba iwe siri kama mambo ya maungamo yalivyo siri. Christine alitoa kibali chake kwa maandishi. Tarehe 4 Machi 1540 ndoa ilifungwa Rotenburg, kando ya mto Fulda, Melanchthon na Bucer wakiwapo.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Haikupita muda habari zikaenea katika Ujerumani yote. Melanchthon, akiwa safarini, aliugua mjini Weimar mwezi wa Juni kwa uchungu wa moyo, akakaribia kufa. Luther alikwenda kumwombea, naye akapona. Luther mwenyewe alimwandikia Mtawala wa Saxony kwamba lau angelijua mwenendo wote wa Philip asingelikubali. Lakini katika mashauri ya Eisenach mwezi wa Julai alishikilia kwamba lililosemwa katika maungamo lazima likanushwe hadharani, hata kama ni kwa uongo. La kushangaza ni kwamba Philip, mzinzi, ndiye aliyekataa kusema uongo.

Madhara hayakuishia katika aibu. Sheria ya jinai ya Kaisari Karl wa Tano, ya mwaka 1532, iliihesabu ndoa ya namna hii kuwa kosa kubwa. Philip akatafuta usalama wake. Tarehe 13 Juni 1541 alifanya mapatano na Kaisari, akaahidi kutofanya urafiki na Ufaransa wala Uingereza, na kuzuia mtawala wa Cleves asipokelewe katika Umoja wa Schmalkalden. Naye akasamehewa yaliyopita. Tangu hapo Umoja ule ulikuwa umefungwa mkono mmoja. Vita vilipokuja mwaka 1546 ulishindwa, na mwaka 1547 Philip aliwekwa kifungoni mpaka mwaka 1552. Hatusemi kwamba ndoa ile peke yake ilileta maanguko hayo, maana sababu zilikuwa nyingi. Lakini ilikuwa mojawapo, tena iliyoweza kuepukwa.

Tujiulize kosa la Wittenberg lilikuwa wapi. Halikuwa katika kumhurumia mwenye dhambi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mchungaji. Wala halikuwa katika kusikiliza kwa siri. Kosa lilikuwa katika kumpa mtu mkubwa njia ambayo wasingempa mkulima wa Hesse, na kisha kuilinda njia hiyo kwa uongo. Tena kipimo walikuwa nacho. Mwaka 1529, katika Katekisimo Kubwa, akiieleza Amri ya Nane, Luther alifundisha kwamba dhambi ya siri ishughulikiwe kwa siri, kati ya ndugu na ndugu, bali dhambi iliyo wazi ikemewe wazi. Baba zetu hawakukosa mafundisho. Walikosa kuyatumia kwa mtu waliyemhitaji.

Sisi tulio Afrika twaisoma habari hii kwa uchungu wa pekee. Wamisionari waliotuletea Katekisimo hiyo waliwakuta babu zetu wenye wake wengi, na mahali pengi wakawaambia wawaache wake zao, wabaki na mmoja, ndipo wabatizwe. Wake walioachwa wakarudi kwa ndugu zao bila mume, na wengine bila watoto wao. Hatutetei ndoa ya wake wengi. Twasema tu kwamba huruma aliyopewa mtawala wa Hesse, mzee wa kijijini hakuipata.

Baton Rouge, mwaka 1988

Habari ya tatu ni ya karibu. Jimmy Swaggart wa Louisiana, Marekani, alikuwa mhubiri wa televisheni aliyejulikana katika nchi nyingi, na kinywa chake kilikuwa kikali juu ya dhambi za wengine. Mwaka 1986 alimshtaki mhubiri mwenzake, Marvin Gorman, kwa uzinzi. Mwaka 1987 alimlaani hadharani Jim Bakker. Mwaka huo huo Gorman akapata picha za Swaggart akiwa kwenye hoteli ndogo pamoja na kahaba. Tarehe 21 Februari 1988, mjini Baton Rouge, Swaggart alisimama mbele ya usharika wake akaungama kwa machozi mengi, na ulimwengu wote ukamwona.

Machozi hayo hatuyahukumu. Mungu ndiye aonaye moyo. Lakini viongozi wa Assemblies of God walimtaka akae bila kuhubiri mwaka mmoja. Yeye alikataa, wakamvua huduma mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei alikuwa amekwisha kurudi mimbarani. Hapa tofauti yake na Theodosius yaonekana. Wote wawili walilia mbele ya watu, lakini mmoja alikubali kungoja mpaka Kanisa limwite, na mwingine alijipangia mwenyewe siku ya kurudi.

Yatupasayo sisi

Kutokana na habari hizi twaona mambo manne.

Kwanza, tuwatofautishe walio ndani na walio nje. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 5, awaachia Mungu hukumu ya walio nje. Msanii asiyekiri imani yetu akitenda upumbavu, mimbari si mahali pa kumchambua. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana wetu wasimwige. Lakini aitwaye ndugu, anayelitumia jina la Kristo mbele ya watu, huyo ni wajibu wetu.

Pili, tumwendee yeye kabla ya kuwaendea wengine. Mathayo 18 yaanza na watu wawili peke yao, na barua ya Ambrose ilikuwa hivyo. Mchungaji aliyemtaja mtu katika mahubiri bila kumgongea mlango hajatimiza wajibu wake. Hata hivyo siri ya ungamo ni kwa ajili ya uponyaji, wala haitupi ruhusa ya kudanganya usharika. Mchungaji aweza kunyamaza, asiseme uongo.

Tatu, tuwatafute walioumizwa. Mtumishi wa Butheric hana jina. Christine alitia sahihi karatasi, lakini hatusikii kwamba wanatheolojia wa Wittenberg walimwuliza mwenyewe moyo wake ulisemaje. Kila aangukapo mtu mkubwa, yupo mtu mdogo aliye chini yake. Mchungaji na aanze huko.

Nne, mlango wa kurudi uwe mmoja kwa wote. Yakobo, katika sura ya pili, atukataza kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame. Neno hilo lahusu kiti cha toba vilevile. Kama twadai yule msichana asimame mbele ya usharika, tumdai na mfadhili wa jengo. Kama twaona aibu kumdai mfadhili, basi na tumwonee huruma msichana kwa namna hiyo hiyo. Wagalatia 6 yasema tumrejeze aliyeghafilika kwa roho ya upole, tukijiangalia nafsi zetu. Upole huo si kwa mashuhuri tu.

Siku moja baadhi yenu msomao katika chuo hiki mtakabidhiwa usharika ambao paa lake limeezekwa kwa fedha za mtu mmoja. Siku mtu huyo atakapoanguka, mtakumbuka paa hilo. Twawasihi mkumbuke na Wittenberg, mwezi wa Desemba mwaka 1539, mahali ambapo watu wema na wasomi, wenye nia ya kuilinda Injili, walimhitaji mtu mmoja kiasi cha kushindwa kumwambia kweli. Lau wangalimkatalia, huenda wangalimpoteza Philip. Injili isingalipotea.