Miwaridi mifupi chotara (Bujumbura)

Miwaridi mifupi chotara ni mimea ya jenasi Rosa iliyozalishwa kwa kuchavusha aina moja kwa nyingine hadi kupata vichaka vidogo vinavyochanua mara nyingi kwa mwaka na kuvumilia jua na kiu kuliko miwaridi mirefu ya maua ya kukatwa. Iliyo midogo kabisa haizidi sentimita 15. Mikubwa hufika sentimita 80 hivi. Bujumbura, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, hupandwa mbele ya nyumba, barazani na uani, aghalabu katika vyungu vya udongo, ndoo kuukuu au madumu yaliyokatwa juu. Katika mwinuko wa ziwa, yapata mita 774, ndiyo inayofaa. Ile ya mashina marefu ni mimea ya milimani, na mtu akiilazimisha huku chini hulipwa maua hafifu.

Asili

Burundi haina mwaridi wa porini. Kusini mwa Sahara spishi ya asili ni moja tu, Rosa abyssinica ya nyanda za juu za Ethiopia na nchi jirani, nayo haikuchangia lolote la maana katika machotara ya leo.

Damu inayofanya miwaridi hii ichanue mwaka mzima ni ya Kichina. Mwishoni mwa karne ya 18 miwaridi ya bustani za China, iliyotokana na Rosa chinensis, ilifika Ulaya kwa meli za biashara, ikaleta sifa mbili ambazo karibu miwaridi yote ya Ulaya haikuwa nazo: kurudia kuchanua na kimo kifupi. Huko Lyon, Ufaransa, mzalishaji Guillot alitoa 'La France' mwaka 1867, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa, na mwaka 1875 akatoa 'Pâquerette', ya kwanza katika kundi la poliantha, yaani vichaka vifupi vyenye vishada vya maua madogo. Nchini Denmark ukoo wa Poulsen uliipandisha poliantha na miwaridi ya maua makubwa. 'Else Poulsen' ya 1924 ni miongoni mwa matunda ya kazi hiyo, na kutoka hapo likaja kundi la floribunda. 'The Fairy', poliantha ya Uingereza ya 1932 yenye maua ya waridi iliyofifia, bado inauzwa karibu kila bara, na kwa haki.

Ile midogo kabisa ina historia ya peke yake. Afisa mmoja wa Uswisi, Roulet, aliona katika vyungu vya madirishani kijijini Mauborget mwaridi wa kimo cha shubiri moja. Mtaalamu wa mimea Henri Correvon akauzalisha na kuuita 'Rouletii'. Jan de Vink wa Boskoop, Uholanzi, akaupandisha na poliantha, akapata 'Peon' mwaka 1936, uliouzwa Marekani kwa jina 'Tom Thumb'. Kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na Ralph Moore (1907–2009) huko Visalia, California, mahali penye kiangazi kikali, na aina ndogo nyingi zilizoenea duniani zina nasaba ya kitalu chake.

Uimara ulianza kutafutwa kwa makusudi baadaye. Majaribio ya miwaridi ya Ujerumani yaitwayo ADR yaliacha kabisa kupuliza dawa mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpango wa Earth-Kind wa Chuo Kikuu cha Texas A&M huchagua aina zinazosimama kwa maji kidogo na bila viuatilifu; 'The Fairy' imo, na 'Knock Out' ya William Radler, iliyoingia sokoni mwaka 2000, imo pia.

Kufika Burundi

Bustani za maua zilienea Usumbura, kama mji ulivyoitwa, wakati wa utawala wa Ubelgiji, hasa katika mitaa ya Wazungu.

Hali ya hewa na mwinuko

Wastani wa joto la Bujumbura ni nyuzi 24 hivi mwaka mzima, na mvua ni milimita 800 na ushei. Kiangazi kikuu huanza Juni na kuendelea hadi Septemba. Kwa kuwa mji uko digrii 3 tu kusini mwa Ikweta, mchana haurefuki wala kufupika kwa kiasi cha kuhisiwa, na mwaridi haupati msimu wa baridi wa kulala. Unakua bila kupumzika. Mkulima ndiye anayeamua lini upumzike, kwa kisu.

Joto huharakisha tumba. Ua huiva kabla halijajaza petali, shina hubaki fupi na rangi hupauka siku ya pili. Ndiyo sababu mashamba makubwa ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900, ambako usiku ni baridi, huku Uganda, yenye mashamba karibu na Entebbe kwenye mita 1,150 hivi, ikajijengea jina kwa mawaridi ya vichwa vidogo. Bujumbura iko chini zaidi ya Entebbe. Aina zenye petali chache na vishada hazipotezi mengi kwa joto, kwa sababu hazikuwahi kutegemea ua moja kubwa. Mtaa wa Kiriri na miteremko ya juu ya mji hupata nafuu kidogo usiku.

Maji ya ziwa

Tatizo la maji hutajwa mara chache, nalo huenda linaua miche mingi kuliko ukame. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huvutwa ziwani na REGIDESO, shirika la maji na umeme. Maji ya Tanganyika ni salama kwa bustani nyingi, lakini yana alikali, pH kati ya 8.5 na 9, na magnesi nyingi. Mwaridi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH 6 hadi 6.5. Ardhini, mvua za masika husafisha chumvi. Chunguni hazina pa kwenda. Baada ya miezi kadhaa chuma hufungika udongoni, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye chungu hudhani mmea una njaa, huongeza mbolea ya dukani, na chumvi huzidi. Wengine huongeza majivu ya jikoni, ambayo ni alikali tupu.

Dawa yake ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati na kuwekwa pipani. Asiye na pipa amwagilie kwa wingi mara moja kwa mwezi hadi maji yatiririke chini kwa muda, yabebe chumvi. Vibakuli vya kukinga maji chini ya vyungu viondolewe: hurudisha chumvi ileile juu, na ni mazalia ya mbu.

Uvumilivu wa ukame

Sifa ya kuvumilia ukame husemwa kwa urahisi mno na wauza miche. Mwaridi huvumilia kiangazi kwa mizizi inayoshuka chini, na huchukua karibu mwaka mzima kuishusha. Ndani ya chungu cha lita 10 hakuna chini. Hata 'Knock Out' iliyomo chunguni, juani, mwezi Julai, hutaka maji kila siku au kila siku mbili, ilhali mwenzake aliyepandwa ardhini kwa matandazo mazito huweza kungoja wiki. Tofauti ya aina yenye uvumilivu ni kwamba ikisahaulika siku mbili huangusha majani na kuchipua tena, badala ya kufa.

Udongo, chungu na upogoaji

Chungu cha upana wa sentimita 30 na kina kama hicho hutosha aina nyingi. Cha udongo mwekundu hupoza mizizi ila hukauka upesi; ndoo nyeusi ya plastiki huipika. Mchanganyiko wa kawaida ni udongo wa juu, samadi iliyooza vizuri na makapi ya mpunga, ambayo hupatikana kwa urahisi kwa kuwa bonde la Imbo, hasa Gihanga, ni la mpunga. Maganda ya kahawa yaliyooza ni bora zaidi. Udongo wa delta ya Rusizi uepukwe, kwani baadhi yake una chumvi.

Pogoa kwa nguvu, hadi theluthi moja, mvua zinapokaribia mwezi Septemba. Maua yaliyonyauka hukatwa juu ya jani lenye vijani vitano. Mzunguko mwingine hutokea baada ya wiki 6 hadi 8.

Magonjwa na wadudu

Masika huleta madoa meusi, kiangazi huleta utitiri mwekundu chini ya majani. Kuosha majani kwa maji asubuhi hupunguza utitiri.

Matumizi

Maua hutumika nyumbani na katika mapambo ya harusi. Kwa marashi hayafai: marashi ya waridi yanayonyunyizwa katika maulidi na harusi za Waswahili hutoka kwa Rosa damascena, kama ile ya Jabal Akhdar nchini Oman.

Hali ya sasa

Sensa ya 2008 ilihesabu wakazi 497,166 jijini, na viwanja vimezidi kugawanywa tangu hapo, jambo linalokipa chungu nafasi kuliko kitalu. Chungu huhamishika pia, faida iliyo wazi kwa mitaa ya ufukweni tangu ziwa lilipopanda mwaka 2024. Miche ya kando ya barabara mara nyingi haina jina la aina, hivyo mnunuzi huongozwa na macho: mche wenye majani safi na vishada mwishoni mwa Agosti umeshapita mtihani wa kiangazi, na ndio wa kununua.