Kashata za Sikukuu na Historia ya Sukari Nchini Uganda

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Mimi naona inapatikana jikoni pia, hasa katika vyakula vitamu ambavyo wakubwa hutengeneza pamoja na watoto wakati wa Krismasi na Idi. Katika insha hii nitazungumzia kashata, kitamu cha nyumbani kinachojulikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi kwetu Uganda. Nitaeleza jinsi sukari ilivyotufikia, jinsi ilivyoadimika miaka ya 1970, na kwa nini naona tusiache kupika kashata na watoto hata kama pipi za dukani ni rahisi kupatikana.

Nianze na maneno yenyewe. Neno sukari limetoka katika Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti cha India, ambako lilikuwa na maana ya changarawe au mchanga. Safari ya neno hilo inafuata safari ya kitu chenyewe, kwa sababu Wahindi walitangulia kugeuza maji ya miwa kuwa chembechembe, kisha Waajemi na Waarabu wakaueneza ujuzi huo. Hata sukari guru, ile ya kahawia inayouzwa kwa mabonge, ina jina lililotoka India.

Kashata ya pwani mara nyingi hutengenezwa kwa nazi iliyokunwa au karanga, pamoja na sukari na iliki. Kwetu bara nazi si zao la kila nyumba. Kwa hiyo kashata zetu ni za karanga au za simsim, yaani ufuta kama wanavyosema Watanzania. Jina limesafiri kutoka pwani, lakini viungo vimebadilika kulingana na udongo wa mahali.

Huko pwani utamu huo una upande wake mchungu. Katika karne ya 19, bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Tunafundishwa habari za ushujaa wake, na ni haki tufundishwe, lakini ni mara chache mwanafunzi huulizwa ni nani aliyekuwa akikata miwa hiyo.

Huku Uganda, kabla ya sukari ya kiwandani, watoto walikuwa na vitamu vyao. Kulikuwa na asali, ndizi mbivu, na miwa ya kutafuna ambayo Baganda huiita ebikajjo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844. Walileta nguo na bunduki, na baadaye Uislamu na lugha ya Kiswahili vikaanza kuota mizizi, na kwa njia hiyo sikukuu ya Idi ikajulikana. Wamisionari waliofika katika miaka ya 1870 walileta Krismasi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwa Victoria mwaka 1901, na kuanzia hapo bidhaa za dukani zikawa rahisi kusafirishwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale sukari ilipoanza kutengenezwa hapa hapa. Mwaka 1924 Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi, na mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akafungua kingine Kakira, karibu na Jinja. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi. Vibarua walitoka West Nile, na wengine walivuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi. Hapa ndipo kashata ya simsim inaponivutia zaidi. Simsim hulimwa sana kaskazini mwa Uganda, na sukari hutoka Busoga na Buganda, ambako watu wa kaskazini walikwenda kukata miwa. Pande mbili za nchi ambazo siasa imezigombanisha mara nyingi zimeshikamana katika kipande kimoja cha kashata.

Mwezi Agosti mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Viwanda na maduka yao yalinyang'anywa na kugawiwa watu wengine, ambao wananchi waliwabandika jina la mafuta mingi. Wengi wa waliopewa mali hizo hawakuwa na ujuzi wa kuziendesha. Vipuri vilikosekana, mashamba yakaota magugu, na uzalishaji wa sukari ukashuka mwaka hadi mwaka, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia kukoma kabisa. Wakati huo neno la Kiswahili magendo liliingia katika midomo ya Waganda wote, hata wale wasiojua Kiswahili. Kahawa ilivushwa kwa siri kwenda Kenya, na bidhaa za matumizi zikarudi kwa njia hizo hizo.

Nilimwuliza jjajja wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, kuhusu Krismasi za miaka hiyo. Kwanza alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, sukari tuliipima kwa kijiko, na kijiko chenyewe kilikuwa cha mgonjwa." Alinieleza kwamba walipanga foleni tangu alfajiri bila uhakika wa kupata hata nusu kilo. Watoto hawakuweza kuelezwa siasa, walichojua ni kwamba Krismasi imefika. Kwa hiyo akina mama waliponda ndizi ndogo zilizoiva sana, wakachanganya na unga wa muhogo, wakakaanga kabalagala bila kutia sukari hata chembe. Wakati mwingine walikanda simsim iliyokaangwa pamoja na asali kidogo, wakafinyanga viduara. Watoto walipewa kazi ya kumenya ndizi na kupepeta simsim, ili wawe na shughuli na wasiulize maswali mengi.

Jambo hili lilinifanya nitafakari. Sukari ilipopotea, wazee hawakubuni kitu kipya, bali walirudi kwa asali na ndizi, vitamu vilivyokuwepo kabla ya kiwanda. Walikumbuka kwa sababu wao wenyewe waliwahi kukaa jikoni na mama zao. Kama wangezoea kununua tu, nadhani sikukuu za miaka hiyo zingepita kavu.

Ndiyo maana kila Desemba mimi na wadogo zangu hupika kashata, na kila hatua ina kazi yake. Wenye miaka minne au mitano humenya karanga na kuondoa mbovu. Wenye miaka saba hivi hupima, vikombe viwili vya karanga kwa kikombe kimoja cha sukari, na wengine hukata karatasi za kufungia. Karanga hukaangwa bila mafuta, hupoa, kisha watoto huzisugua mikononi na kupuliza maganda. Hii ndiyo kazi wanayoipenda kuliko zote kwa sababu ya kelele na maganda yanayoruka.

Kuyeyusha sukari ni kazi ya mtu mzima peke yake. Sukari iliyoyeyuka na kuwa ya kahawia hupita nyuzi 150 za joto, huganda kwenye ngozi, na huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Watoto hukaa mbali na jiko. Ninatia karanga na chumvi kidogo, nachanganya haraka, namimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, nasawazisha kwa kifimbo cha chapati, halafu nakata kabla haijawa ngumu. Wadogo kabisa nawapondea karanga ili wasipaliwe. Zikishapoa, watoto huzifunga na kuzipeleka kwa majirani, Waislamu na Wakristo, kama majirani zetu Waislamu wanavyotuletea chakula wakati wa Idi.

Tunapongoja kashata zipoe ndipo ninapowasimulia habari hizi. Siwapi tarehe zote, lakini nawaambia simsim imetoka wapi, sukari imetoka wapi, na jjajja alifanya nini sukari ilipokosekana. Mwaka uliopita mdogo wangu mmoja aliniuliza, "Na watoto wa wale wanaokata miwa, nao wanapika kashata?" Sikuwa na jibu rahisi. Kakira na Lugazi vilifufuliwa, na leo miwa imeenea Busoga hata kwenye mashamba madogo ya familia. Lakini bado tunasikia malalamiko kwamba huko baadhi ya watoto huacha shule ili wakakate na kupakia miwa. Nilimwambia ukweli huo kwa maneno ya umri wake.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Kumbukumbu za wazee wetu nazo hupungua hivyo hivyo, mzee mmoja baada ya mwingine, na sisi hatustuki. Wale walioona foleni za sukari wakiwa watu wazima sasa wamezeeka sana. Habari zao nyingi hazimo katika vitabu vyetu vya shule, ambavyo hutaja mwaka 1972 kwa aya chache na kuendelea mbele.

Kwa kumalizia, siwashauri wazazi waache kabisa kununua pipi, maana si kila mtu ana nafasi ya kukaa jikoni mchana mzima. Ninachoomba ni siku moja tu kabla ya sikukuu. Mwiteni bibi au babu akae karibu, wapeni watoto karanga wamenye, na mwulizeni mzee alikula nini utotoni siku ya Krismasi au ya Idi. Mikono ikiwa na kazi, wazee husema mambo ambayo hawayasemi wakiulizwa ana kwa ana. Jjajja wangu alinisimulia habari za kijiko cha mgonjwa huku akipepeta simsim, na hakuinua macho yake hata mara moja.